Mpaka Nazi Ziishe

Rafiki yangu mmoja hapa Morogoro hutengeneza jibini jikoni kwake, na hivi karibuni alitualika watu wachache kuionja ikiwa mbichi, kabla haijakandamizwa na kukaa. Aliweka mezani bakuli la mabonge madogo meupe, yangali na uvuguvugu, yamenyunyiziwa chumvi tu. "Hiki," alisema kwa fahari aliyostahili, "hamjawahi kukila." Wenzangu wakakubaliana naye. Mimi nilitia bonge moja kinywani, nikalibana kati ya ulimi na kaakaa, na kabla sijalimeza nilikuwa nimekwisha kuondoka mezani pale. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye sakafu ya udongo, jiko la nyuma ya nyumba yetu Kibiti, pua imejaa mvuke wa maziwa na ukali wa embe bichi, na mbele yangu mikono miwili yenye mishipa iliyosimama ikisokota kifumbu, maji ya rangi ya majani machanga yakichuruzika sufuriani.

"Nimewahi," nilisema. "Kwetu, Kibiti."

Walicheka. Mmoja aliuliza tangu lini Kibiti ikawa nchi ya jibini. Alichokijua yeye kuhusu huko ni korosho, mihogo na nazi. Nami nilicheka pamoja nao, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Ile ilikuwa jibini ya mwanamke mmoja, naye alizikwa bila kulijua hata jina lake.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mtu wa Maparoni, katika visiwa vya delta. Alikuja kwetu baada ya kumaliza eda ya babu. Nyumba yake ya huko ilikuwa imeanza kuinama upande wa maji, na baba, ambaye kazi yake ya ujenzi ilimweka safarini wiki hata wiki, alikwenda kumchukua kwa sababu hakupata usingizi akimfikiria mama yake peke yake chini ya paa lile. Bibi hakubishana naye. Alifunga kanga zake katika furushi moja, akachukua mbuzi yake ya kukunia, kifumbu chake cha kuchujia tui, na nazi kutoka minazi yake mwenyewe, magunia yaliyomfanya utingo wa basi anung'unike njia nzima. Zilikuwa nazi zenye makumbi yake, hazijafuliwa, ili zisiharibike upesi.

Nakumbuka jinsi magunia yale yalivyopangwa ukutani na mama akasimama mlangoni, kanga ameikaza kiunoni, akikaribisha.

"Karibu mama. Karibu sana. Umekuja na shamba zima!"

"Nimekaribia, mkwe wangu. Sikuja kuwala. Nitakaa mpaka nazi ziishe."

"Haya, mama," alisema mama.

Hayo tu. Kwa kuwa nilikuwa mtoto, niliyasikia maneno yale kama ratiba. Bibi ana nazi. Nazi zina mwisho. Mwisho wa nazi ni mwisho wa bibi. Sikuona fumbo lolote hapo. Watu wazima walikuwa wamepatana mbele yangu kwa maneno mepesi kabisa, na kilichobaki ni mimi kuyatazama yale magunia.

Mwanzoni sikuyatazama kwa hofu, maana sikuwa bado nimempenda. Mapenzi yale yaliingia kwa njia ya mdomo, na siioni aibu kusema hivyo. Mama yangu alizaliwa kwenye vilima vya kusini, kwa Wamatumbi, na mapishi yake yalikuwa ya watu wa shamba la mbali na bahari: ugali wa muhogo, kunde, majani ya maboga yaliyotiwa karanga za kutwangwa. Vilikuwa vyakula vya kushibisha, vya heshima. Lakini bibi alipoketi juu ya mbuzi yake kwa mara ya kwanza, akaegemeza goti, akaanza kukuna nazi kwa mzunguko ule usio na pupa, jiko letu lilipata harufu ambayo ukuta haukuwahi kuisikia. Alipika wali kwa moto wa makumbi, mkaa juu ya kifuniko, hadi ukoko wa chini ukawa wa rangi ya mkate. Alipika kamba wakavu kwa tui zito. Alipochemsha tui kutoa mafuta ya kupaka, alinikwangulia yale mashapo ya kahawia yanayobaki chini ya sufuria, matamu, yenye kunata, akanikabidhi kwenye kipande cha jani la mgomba kana kwamba ananikabidhi hati ya nyumba.

"Kula, mke mwenzangu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa mabibi na wajukuu, kwa kuwa sote wawili tulikuwa wake wa marehemu babu. "Kula ushibe, usije ukanisema kwa mume wetu kwamba nilikunyima."

Kuanzia siku ya mashapo yale nilikuwa wake. Na kuanzia siku hiyo magunia yalianza kunitisha.

Bibi alikuwa na tabia moja asubuhi. Aliziinua nazi mojamoja, akazitikisa sikioni asikie maji, akazigonga kwa kucha, halafu akasema kwa sauti ya kutosha kufika jikoni, "Zinapungua, mkwe. Zinapungua."

Na mama, bila kugeuka kutoka kwenye kazi yake, alijibu kila mara, "Haya, mama. Tumeona."

Niliielewa picha ile kwa namna moja tu. Mama alikuwa akingoja ziishe. Nilimtazama kisogoni na kumwonea hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuipeleka. Kilichonichanganya ni kwamba hawakugombana kamwe. Mama alimtengea bibi kigoda kizuri, na mapande manono ya samaki yalikuwa ya bibi. Bibi naye alikula mboga za karanga za mama, akalamba vidole, akaomba kuongezewa, na siku moja nilimkuta akimuuliza kwa unyenyekevu wa mwanafunzi karanga zile hutwangwa zikiwa mbichi au zimekaangwa. Walipeana sifa kupitia sahani. Lakini neno lile moja, la kukaa au kuondoka, hakuna aliyeligusa.

Basi nikaamua kulishughulikia mwenyewe. Kwanza nilitangaza kwamba naupenda wali mweupe, uliochemshwa kwa maji na chumvi tu, chukuchuku. Hakuna aliyeniamini, kwa sababu nilikuwa bado na tui kwenye kidevu. Kisha nikachukua nazi moja, ndogo, yenye kumbi lililobana, nikaiviringisha nyuma ya mtungi wa maji, mahali penye giza na unyevu ambapo mkono wa mtu mzima haufiki kwa urahisi. Nilijiambia kwamba hiyo ni ya akiba. Mwisho nikaugua. Nilisema tui linanikata tumbo.

Bibi alinishika tumbo, akalibonyeza hapa na pale, akaniangalia machoni kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Linauma ukila tui tu?"

"Tui tu, bibi."

"Na yale mashapo?"

Nilifikiri haraka. "Mashapo hayaumi."

"Ahaa," alisema bibi. "Ni ugonjwa wenye akili huo." Akaninywesha maji ya shubiri, machungu hadi masikio yakaziba, na mimi nikayanywa yote bila kulia. Nadhani ukakamavu ule ndio uliomshawishi kwamba pana jambo, hata kama si la tumboni. Siku ya pili yake alimwita Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa Msukuma, mke wa mfugaji aliyekuwa amehamia na ng'ombe wachache pembezoni mwa mji, wa kwanza niliowahi kuwaona kwa karibu. Alipita mitaani asubuhi na kibuyu kichwani, mrefu, mwenye mwendo wa mtu asiyedaiwa haraka na yeyote. Wanawake wa kwetu walinunua kwake kikombe kimoja cha chai na si zaidi. Kwa watu wa delta, maziwa ni ya nazi. Ng'ombe kule hakai, mbung'o wanammaliza, na bibi alikuwa amefika uzeeni bila kuyaonja maziwa ya mnyama yeyote. Aliyatazama kwenye kopo kama mtu anayetazama mgeni aliyekuja na jina linalofanana na la mtoto wake.

"Haya ni tui la kwenu?" aliuliza.

"Ni maziwa, bibi," alisema Mama Kulwa. "Unakunywa, mifupa inapata nguvu."

"Mimi sinywi kitu chenye mwenyewe. Ndama wake atakunywa nini?"

"Ndama ameshiba kuliko wewe."

Bibi alicheka hadi akashika ubavu. Tangu asubuhi ile wawili hao waliongea namna hiyo, bila kupimiana maneno.

Aliyanunua maziwa kwa ajili ya tumbo langu la uongo, akaamua kunipikia mchuzi wa samaki kwa maziwa yale badala ya tui. Na aliupika kama alivyoupika maisha yake yote. Aliyateleka kwenye sufuria, akatia chumvi, akakatia embe bichi vipande vyembamba ili kupata ukali, akawa anakoroga taratibu kwa upawa, kwenda na kurudi, kama inavyotakiwa ili tui lisikatike. Samaki, aliyekwisha kukaangwa, alikuwa akisubiri kwenye ungo.

Msomaji aliyekulia pwani anajua kukatika kwa tui ni nini. Mchuzi uliokatika tui, mafuta huku na maji kule, huwa unasimuliwa. Mwanamke anaweza kuwa na watoto wema na sala zilizotimia, lakini mchuzi wake ukikatika siku ya wageni, miaka mingi baadaye bado kuna shangazi atakayeukumbusha. Bibi hakuwahi kukatikiwa. Alisema hivyo mwenyewe, bila majivuno, kama mtu anavyotaja kimo chake.

Maziwa yalitulia kwanza. Halafu pembeni mwa sufuria yakatokea maji ya kijani, kisha chenga, na kabla bibi hajauinua upawa, sufuria nzima ilikuwa imeachana: mabonge meupe yanaelea juu ya maji yasiyo na rangi ya kueleweka. Alikoroga mbio. Alipunguza kuni. Alisema, "Bismillahi, bismillahi," kwa sauti ya chini. Hayakurudi.

Aliipua, akakaa juu ya mbuzi yake, mikono juu ya magoti, akatazama. Mama alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Waliangaliana. Niliona uso wa bibi, nikajua kwamba mpango wangu wa kumbakiza umemwaibisha mbele ya mkwewe, ndani ya jiko la mkwewe, na nikataka ardhi inimeze.

Lakini hapa ndipo penye sababu ya kuandika haya yote. Wengi tungemwaga sufuria ile kichakani na kufunga mdomo. Bibi alivuta pumzi, akatia kidole, akachukua chenga moja, akaionja. Akaifikiria. Akaonja ya pili. Kisha, bila kusema lolote, aliinuka, akachukua kifumbu chake, kile kifuko kilichosukwa kwa ukindu alichokuja nacho kutoka Maparoni, akamimina humo sufuria nzima. Akashika ncha zake mbili, akasokota kama anakamua tui, maji yakatoka kwanza kwa wingi, halafu kwa matone. Alipokifungua, ndani palikuwa na donge jeupe lililoshikana, limechorwa nje kwa alama za ule msuko. Alilivunja kwa vidole. Akanyunyiza chumvi. Akampa mama bonge la kwanza, si mimi.

Mama alitafuna polepole. "Mama," alisema, "hii ni nini?"

"Sijui, mkwe wangu. Lakini si haramu wala si mbaya."

Nililipata bonge langu likiwa bado la moto. Lilikuwa laini, lakini halikuyeyuka. Lilistahimili meno kidogo kabla ya kuachia, na likiachia lilitoa utamu wa maziwa, halafu chumvi, halafu mwisho kabisa, nyuma ya ulimi, ule uchachu wa embe. Tulikula kwa mihogo ya kuchoma, sote watatu, tukiwa tumechuchumaa pale pale. Na yale maji ya kijani bibi hakuyamwaga. Aliyapikia wali jioni ile, na wali ule ulikuwa na ladha ambayo sijawahi kuipata popote, ingawa nimejaribu.

Mama Kulwa alipoonyeshwa kesho yake, alishika kiuno. "Hee! Bibi, umeyafanya nini maziwa yangu? Sisi tunayaacha yagande yenyewe kwenye kibuyu, taratibu. Wewe umeyapiga!"

"Sikuyapiga. Yalinikimbia, nikayakamata kwa kifumbu."

"Na embe?"

"Embe ndilo lililoyafukuza."

Mama Kulwa alikula bonge, akala la pili, akaomba la kuwapelekea pacha wake, Kulwa na Doto. Tangu hapo, maziwa ambayo hayakununuliwa hadi jua linapanda, na ambayo zamani yalichachia njiani, yalikuja jikoni kwetu. Wawili hao waligawana kilichotoka kifumbuni. Majirani walianza kuchungulia, halafu kuingia, halafu kuleta vibakuli vyao. Maembe mabichi yalipokwisha, bibi alijaribu ndimu, akaona ni kali mno, akaenda kwenye ukwaju, akaona unatia rangi, akarudi kwenye ndimu kwa mkono mwepesi zaidi. Alijifunza kuyaondoa maziwa motoni mapema kidogo, mabonge yasiwe makavu. Hakuna aliyemfundisha. Alisikiliza sufuria kama alivyozisikiliza nazi zake. Nimesoma hadi chuo, nimefundishwa na watu wengi wenye heshima, lakini sijaona tena akili ikifanya kazi kwa utulivu kama ule, kosa likigeuzwa geuzwa mkononi mpaka likawa ufundi.

Na nazi zilipungua polepole. Nilifurahi moyoni, nikiamini kwamba nimeushinda ule mwisho. Nazi za sokoni sikuzifikiria. Hizo hazikuwa zake. Lakini mvua zilikuja na kwenda, mpunga wa mabondeni ukaanza kuiva, tukala pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, pamoja na mabonge ya bibi na sukari kidogo, chakula ambacho, kama ningeruhusiwa kuchagua kimoja tu cha maisha yangu, ndicho ningekichagua. Na asubuhi moja bibi alikunja gunia la mwisho, akalikung'uta mlangoni.

"Zimeisha, mkwe wangu."

Mama alisimama. Mkono wake ulikuwa ndani ya unga. "Haya, mama," alisema, na sauti yake haikutoka sawasawa. "Baba yake huyu akirudi nitamwambia akusindikize."

Siku chache zilizofuata zilikuwa za ukimya uliopangwa vizuri. Mama alizifua kanga zote za bibi, akazipiga pasi ya mkaa. Alitwanga karanga nyingi, akazifunga kwenye mfuko wa safari. Nilimwona akifunga, nikathibitisha nilichokuwa nikikiamini tangu mwanzo. Bibi alilala mapema kila siku, akaacha kuimba akikosha vyombo.

Asubuhi ya safari, furushi lilikuwa mlangoni, juu yake mbuzi ya kukunia na kifumbu. Baba alikuwa amekwenda stendi kuulizia gari la Nyamisati, kwenye bandari ya mashua za kwenda visiwani. Mama Kulwa alikuja na maziwa kama kawaida, akaona furushi, akakitua kibuyu chini.

"Bibi. Unakwenda wapi?"

"Kwangu."

"Nani kakufukuza?"

"Astaghfirullah! Nani anifukuze? Nazi zimeisha."

"Nazi?" Mama Kulwa aliangalia huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumtafsiria. "Kwani ulikuja kwa miguu ya nazi? Sokoni pale zimejaa hadi watu wanazikalia."

Bibi aliinamisha uso, akatazama sakafu. Mama Kulwa akamgeukia mama. "Wewe, mwenye nyumba. Ulimwambia aondoke?"

"Mimi?" Mama alishtuka. "Nitamwambiaje mama maneno hayo? Ni yeye anayesema kila asubuhi. Kwetu mama mkwe akisema anaondoka, unamfungia mzigo vizuri. Humshiki nguo kama mtoto. Utakuwa unampinga."

Bibi aliinua uso. Nakumbuka aliuinua taratibu sana. "Nawe ulikuwa unanifungia mzigo kwa heshima?"

"Kwa nini kingine, mama?"

"Kwetu," alisema bibi, akitazama sakafu tena, "mgeni akisema nazi zinapungua, mwenye nyumba anamjibu. Anamwambia ziko nyingine. Hata kama hana. Ndipo mgeni anajua. Nimesema kila siku, mkwe wangu. Ukanijibu umeona."

Mama Kulwa, ambaye ndiye aliyeuvunja ule ukuta wao, sasa alijifanya anafunga vizuri mdomo wa kibuyu chake. Mama alimtazama bibi. Machozi yalikuwa yamemjaa, na nadhani aliona kwamba jibu ambalo lilipaswa kutolewa miezi mingi nyuma, likitolewa sasa, na mtu akiwa ameelekezwa la kusema, lingekuwa jepesi mno. Mtu akishakuomba umwambie neno, huwezi tena kumpa neno lile lile.

Mimi sikuelewa nusu ya mazungumzo yale. Nilichosikia ni kwamba kila kitu kimekwama kwenye nazi, na mimi nilikuwa na nazi. Nilikimbilia nyuma ya mtungi, nikalala kifudifudi, nikanyoosha mkono hadi bega likauma, nikaiviringisha nje.

"Hazijaisha!" nilipiga kelele. "Bibi, hazijaisha! Bado ipo moja!"

Niliwaonyesha, na mimi mwenyewe ndipo nilipoiona. Kule gizani, penye matone ya mtungi, ilikuwa imechipua. Kutoka kwenye jicho lake, kupitia kumbi, lilikuwa limetoka jani la kijani kibichi, limekunjika kwa sababu ya kutafuta nafasi, na mizizi myeupe chini kama ndevu za mzee.

Bibi alianza kucheka, huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kumbe hili ndilo tumbo lililokuwa likikuuma," alisema. "Haya, lete. Hii haikuniki tena, mke mwenzangu. Ndani imejaa joya. Nipe panga nikuvunjie, ule, iwe zawadi yangu ya kukuaga."

Joya, ile sponji tamu inayojaa ndani ya nazi iliyochipua, nilikuwa nalipenda kupita kiasi. Visiwani watoto hugombana kwa ajili yake. Bibi alikuwa amekwisha kuishika nazi kwa mkono wa kushoto. Panga lilikuwa juu.

"Mama, usiivunje."

Sikuwa nimewahi, kabla ya hapo, kumsikia mama akimkataza bibi jambo lolote. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Aliichukua nazi mikononi mwa bibi, akaenda nayo uani, akachukua jembe lililoegemea ukuta wa choo, akaanza kuchimba, pale pale palipo wazi kati ya jiko na nyumba. Alichimba kama watu wa vilimani wanavyochimbia muhogo, shimo la kina kifupi.

Bibi alimfuata. Alisimama akitazama, na nilimwona akijizuia, akajizuia, kisha akashindwa.

"Huo si muhogo, mwanangu. Ongeza kina. Na majivu."

Mwanangu, alisema. Mama akaongeza kina. Akaleta majivu ya makumbi kutoka jikoni. Kisha akarudi ndani tena bila kuambiwa, akatoka na mkebe wake wa chumvi, ule wote, akainama shimoni na kuumimina hadi mwisho, kama wanavyofanya watu wa pwani wanaopanda mnazi mbali na bahari. Alikuwa amejifunza kwa nani, sijui. Labda alikuwa akisikiliza zaidi ya tulivyodhani.

"Unajua," bibi alimuuliza, "mnazi unakaa miaka mingapi kabla ya kuzaa?"

"Najua, mama," alisema mama, akishindilia udongo kwa kiganja. "Ndiyo maana sikutaka uivunje."

Baba aliporudi na habari za gari, alimkuta bibi jikoni, amekaa juu ya mbuzi yake, anamimina maziwa ya Mama Kulwa sufuriani, na furushi halipo mlangoni. Aliuliza nini kimetokea. Mama alimwambia aende sokoni akanunue nazi.

Bibi aliziona nazi za mnazi ule. Alikunywa dafu lake la kwanza, akasema lina chumvi, ambayo haikuwa kweli, na mama akamwambia anyamaze anywe, na wote wawili wakacheka. Sasa bibi amelala Kibiti, na tangu baba naye alipotutoka mama amebaki peke yake katika nyumba ile. Nimemwomba mara nyingi aje akae nami Morogoro. Daima ana sababu: kuku, shamba, arobaini ya jirani.

Jioni ile niliyotoka kwa rafiki yangu, midomo ikiwa bado na ladha ya jibini, nilimpigia simu kumsimulia. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama walitumia embe au ndimu, akasikitika kusikia ni siki. Kisha akakohoa kidogo, kama anavyokohoa akiwa na la kusema.

"Nafikiria kuja huko mwezi ujao," alisema. "Nitakuja na nazi, za mnazi wa bibi yako. Sitakuchosha, mwanangu. Nitakaa mpaka nazi ziishe."

Halafu alinyamaza, na kwenye simu niliusikia ukimya wake ukingoja.

"Kati ya hizo, mama," nilimwambia, "nitafutie moja iliyoanza kuchipua. Chumvi ninayo."